Ubaya Unakaa Fasi Gani?

Kuko swali moja ambalo ni la zamani kuliko shule na kuliko kanisa. Wakati mutu anatenda ubaya mukubwa, ule ubaya umetoka wapi? Ulikuwa ndani yake tangu zamani, umelala sawa vile nyoka mu majani, ao mutu mwengine alimutupia kutoka inje? Kwetu jibu linakuja haraka. Mutoto anagonjwa, biashara inaanguka, mashua inazama mu ziwa, na jioni ileile watu wanaanza kuulizana: nani amefanya hivi? Hawaulizi ni nini. Wanauliza ni nani.

Mu kijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya mahari, matanga, majina ya mapacha na ngoma za wafalme. Mara hii tunaomba ruhusa ya kupita njia ingine kidogo. Tunataka kusoma hadisi fupi tatu za wandishi wa Marekani na Ulaya, zile ambazo zinasomwa fasi nyingi za dunia, na kuzisoma pamoja na watu wanaochunguza moyo wa mutu, watu wa uchambuzi wa nafsi, ao psikanalizi. Kisha tutarudi ku mafiga ya nyumbani. Musomaji asiogope hilo jina. Kile ambacho liko nacho ndani si kigeni sana kwa mutu aliyekaa karibu na moto akisikiliza wazee.

Sigmund Freud, munganga wa muji wa Vienna (1856–1939), alifundisha kwamba mutu hatawali kila chumba cha nyumba ya moyo wake. Kuko chumba cha tamaa, ambamo hakuna ndiyo wala hapana, kuko hamu tu. Kuko mulinzi, aliyewekwa pale na baba, mama na wakubwa wote waliotukaripia tukiwa wadogo, na ule mulinzi hasinzii. Katikati kuko "mimi", maskini, anayejaribu kupatanisha wale wawili na kusalimia majirani asubuhi kama kwamba hakuna neno. Freud alieleza vyumba hivyo mu kitabu cha mwaka wa 1923. Na kuko desturi moja ya moyo ambayo yeye na wafuasi wake waliichunguza sana: kile ambacho mutu anaona haya kukikuta ndani yake, anakitupia mwengine. Mwenye wivu anasema jirani ananionea wivu. Mwenye chuki anasema ndugu yangu ananichukia, tena anaapa, na anapoapa hasemi uongo, anaamini kweli. Tushike neno hili, kutupia, kwa sababu tutalihitaji mpaka mwisho.

Hadisi ya kwanza ni ya Edgar Allan Poe, Mumarekani, na ilitoka mwaka wa 1843. Ku Kiingereza jina lake ni The Tell-Tale Heart. Watu wa Kifaransa wanaijua ku tafsiri ya Charles Baudelaire, Le Cœur révélateur. Mutu mumoja anatueleza ginsi alivyoua muzee waliyekaa naye mu nyumba moja. Hakumuchukia. Alimupenda, yeye mwenyewe anasema vile. Muzee hakumukosea hata kidogo, na muuaji hakutaka feza yake. Sababu ni jicho. Muzee alikuwa na jicho moja lililopauka, lenye utando juu, sawa jicho la tai anayekula mizoga, na kila mara lilipomuangukia, damu yake iligeuka baridi. Usiku saba, saa sita kamili, anafungua mulango polepole na kuchungulia. Jicho limefungwa, hawezi kuua. Usiku wa munane linafunguka. Anaua, anakata maiti, anaificha chini ya mbao za nyumba. Polisi watatu wanafika. Anawakaribisha kwa furaha na kuweka kiti chake palepale juu ya maiti. Basi anaanza kusikia moyo unapiga. Unapiga zaidi na zaidi, mpaka anapiga kelele na kuungama yote.

Ukisimulia hadisi hiyo kwetu, watu watakukata maneno mapema: jicho mubaya! Jicho mubaya tunalijua. Lakini angalia namna Poe alivyogeuza mambo. Mwenye jicho ni muzee asiye na kosa, aliyelala mu kitanda chake, na mwenye ubaya ni ule anayeogopa jicho. Ule aliyekuwa anasema "jicho lile linaniua" ndiye aliyeua. Marie Bonaparte, binti wa ukoo wa Napoleon na mwanafunzi wa Freud, aliandika kitabu kikubwa juu ya Poe mwaka wa 1933, na Freud mwenyewe aliandika maneno ya mwanzo. Ku macho ya yule mama, muzee ni baba. Poe alikuwa yatima, alilelewa na tajiri John Allan, na wawili hao waligombana sana. Sisi hatumufuati Mama Bonaparte fasi zote: anapenda kufungua kila mulango wa hadisi kwa ufunguo mumoja tu wa maisha ya mwandishi, na nyumba ya hadisi iko na milango mingi. Lakini ku jambo hili tunaona alishika kitu cha kweli. Mutu anaweza kuzima jicho la mukubwa linalomuangalia. Shida ni kwamba mukubwa alikwisha kuingia ndani zamani, na kule hakuna mbao za kumufunika.

Hadisi ya pili inatugusa karibu zaidi. Nathaniel Hawthorne, Mumarekani pia, aliitoa mwaka wa 1835: Young Goodman Brown. Kijana aliyeoa karibuni anaaga bibi yake jua likizama. Bibi anaitwa Faith, maana yake Imani, na kofia yake iko na utepe wa rangi ya waridi. Kijana anaenda mu pori usiku mumoja tu. Kesho, anajiambia, nitakuwa mutu muzuri tena. Mu pori anakutana na mutu mwenye fimbo inayofanana nyoka, na ule mutu anafanana naye sawa baba na mwana. Njiani anatambua wakubwa wa kijiji: mama muzee aliyemufundisha katekisimu, shemasi, pastere, wote wanaenda ku mukutano mumoja wa usiku. Utepe wa bibi yake unaanguka kutoka juu. Mbele, ku mwangaza wa moto, anakuta kijiji kizima, wenye sifa nzuri na wenye sifa mbaya pamoja, na bibi yake katikati yao. Anamulilia aangalie mbinguni, na palepale kila kitu kinapotea. Ilikuwa ndoto? Hawthorne hakujibu, alituachia. Asubuhi Brown anarudi, na tangu siku ile haamini tena mutu, wimbo wa kanisa unamuchukiza, usiku anashituka na kujiepusha na bibi yake. Alizaa watoto, akaona wajukuu, akakufa vile.

Kijiji chenyewe ni Salem. Pale Salem, mwaka wa 1692, watu 19 walinyongwa kwa kushitakiwa ulozi, na muzee mumoja akasongwa chini ya mawe mpaka kufa. Mumoja wa waamuzi, John Hathorne, alikuwa tate wa tate ya mwandishi wetu. Kwa hiyo Hawthorne hakuwa anacheza. Alikuwa anauliza ukoo wake: mulipoona walozi mu pori, muliona nini?

Wasomaji wa psikanalizi wanajibu kwamba lile pori ni moyo wa Brown. Zile tamaa ni zake, ule woga wa kitanda cha ndoa ni wake, ile hasira juu ya wakubwa ni yake. Na kwa sababu hawezi kuzivumilia, amezivalisha nyuso za majirani. Mwalimu Frederick Crews wa Marekani alitoa kitabu mwaka wa 1966 akimusoma Hawthorne kwa njia ya Freud. Kusema kweli baadaye Crews huyohuyo aliacha Freud na kumupinga kwa nguvu kwa miaka mingi, na tunaandika jambo hilo ili musomaji asizani tunamuletea dini mupya. Lakini hata ukimutupa Freud, Brown anabaki amesimama mulangoni na macho yake ya mashaka. Na kitu kinachotisha mu hadisi hii si ule mukutano wa usiku. Ni ile miaka ya baadaye. Kijiji kilibaki kama kilivyokuwa, watu walimusalimia, bibi alimukimbilia kwa furaha. Yeye ndiye alikuwa amekwisha kupoteza kijiji chote, bila mulozi hata mumoja kumugusa.

Sasa turudi kwetu kidogo, juu maneno haya si ya kalasi tu. Tangu miaka ya 1990, mu miji ya Kongo, watoto wengi sana wameitwa walozi na watu wa jamaa yao wenyewe. Kinshasa wanasema ndoki. Tunajua namna inavyoanza. Baba amepoteza kazi, ao mama amekufa na baba ameoa mwengine, ao mutoto ni yatima aliyeletwa kukaa kwa mjomba. Chakula ni kidogo. Mutoto anakojoa ku kitanda, anatembea usiku, anajibu wakubwa vibaya, ao ana akili nyingi kupita kiasi. Mutu anasema neno. Wanamupeleka ku chumba cha maombi, na kule neno linapewa muhuri. Kisha ni njaa ya siku tatu, ni pilipili mu macho, ni barabara. Mu Kivu, mara nyingi neno hilo linaangukia wamama wazee, wajane wenye macho mekundu kwa moshi wa miaka makumi matano, na kuko wale waliochomwa moto.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inakataza jambo hilo: ku kifungu cha 160, anayemushitaki mutoto ulozi anaweza kufungwa kutoka mwaka mumoja mpaka miaka mitatu. Ni sheria nzuri. Lakini sheria inamushika mutu aliyesema neno. Haimuulizi ule aliyesema alikuwa anakimbia nini.

Hapo watu wa hadisi wanaweza kutusaidia. Bruno Bettelheim, mu kitabu cha mwaka wa 1976 juu ya hadisi za watoto, alisema mama wa kambo wa hadisi anamusaidia mutoto. Mutoto mudogo anamupenda mama na pia kuko saa anamukasirikia mpaka mwisho. Hawezi kushika vyote viwili mu mukono mumoja. Basi hadisi inagawanya: mama muzuri amekufa, mama mubaya ndiye anayemutuma maji usiku. Mutoto anachukia kwa usalama, na kesho anarudi ku mugongo wa mama yake. Hata hadisi zetu zinafanya vile, mutu yeyote aliyekua kijijini anazijua. Mu nyumba ya mashitaki kazi hiyo inageuzwa kichwa chini. Ni mukubwa ndiye anayeshindwa kushika vyote viwili: anamuhurumia mutoto wa ndugu yake, na anachoka naye, anahesabu kila sahani ya bugali. Kuchoka kule kunamupa haya. Haya ni nzito. Basi anamutupia mutoto: siyo mimi ninayetaka atoke, ni yeye anayetukula. Mutoto wa hadisi akifunga kitabu, mama wa kambo anapotea. Mutoto wa barabara hapotei, iko ku soko pale, muulizeni.

Wengine watatuambia: munasema ulozi hauko? Hatukuandika vile, na kijitabu hiki si baraza la kuamua jambo hilo. Tunasema tu kwamba mutu anayetaja jina la mulozi, kabla ya kulitaja, alikuwa na neno mu moyo wake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza.

Hadisi ya tatu ni ya inchi yetu. Joseph Conrad, Mupolandi aliyeandika Kiingereza, alikuja Kongo mwaka wa 1890 na kupanda muto mu mashua ya moshi mpaka maporomoko ya Kisangani. Watu wanajua kitabu chake Heart of Darkness. Sisi tunapenda zaidi hadisi yake fupi ya mwaka wa 1897, An Outpost of Progress, maana yake kituo cha mbele cha maendeleo. Jina ni la kucheka, na limewekwa kwa kusudi.

Wazungu wawili, Kayerts na Carlier, wanaachwa ku kituo cha biashara ya pembe za tembo. Mumoja alikuwa karani wa telegrafu, mwengine askari wa farasi. Karibu na nyumba kuko kaburi la mukubwa wa kwanza aliyekufa kwa homa, na musalaba murefu juu yake. Karani wao ni Makola, mutu wa Sierra Leone anayejiita Henry Price, mwenye bibi wa Luanda. Kuko wafanyakazi kumi, waliotoka mbali, na chifu wa jirani, muzee Gobila, anayewapenda wazungu na kuwaletea chakula. Mukubwa anaondoka na mashua, eti atarudi nyuma ya miezi sita. Wazungu wanasoma gazeti la zamani linalosifu kazi ya kuleta ustaarabu, na wanajiona wakubwa.

Siku moja watu wenye bunduki wanafika kutoka upande wa pwani. Makola anazungumuza nao. Usiku kelele, asubuhi wafanyakazi kumi hawako tena, na pembe nzuri za tembo ziko uwanjani. Makola amewauza. Hata watu wa Gobila wamechukuliwa, na mumoja ameuawa. Kayerts anashituka, Carlier anashituka, wanatamka neno utumwa kwa sauti ya huzuni. Na kisha? Kisha wanasaidia kupima pembe ku mizani. Conrad hakuweka hubiri hapo. Aliweka mizani.

Tangu siku ile Gobila hawaletei tena chakula. Mashua inakawia, miezi munane. Wanakula muchele bila chumvi. Inabaki sukari, vipande kumi na tano, vilivyofungiwa kwa ajili ya ugonjwa. Carlier anataka kimoja mu kahawa yake, Kayerts anakataa, Carlier anamuita muuza-watumwa. Wanafukuzana kuzunguka nyumba, Kayerts anapiga risasi, na kumbe mwenzake hakuwa na silaha. Makola anaangalia maiti, anasema amekufa kwa homa. Asubuhi, mu ukungu, mashua inapiga filimbi. Wanamukuta Kayerts amejinyonga ku musalaba wa kaburi, ulimi inje, kama anamuonyesha mukubwa wake.

Freud aliandika mu mwaka wa 1930 kwamba jamii inaweka mulinzi ndani ya mutu, sawa vile jeshi linavyoweka askari mu muji uliotekwa. Lakini Conrad, miaka makumi tatu na zaidi mbele yake, alikuwa ameona jambo lingine: kuko watu ambao askari wao hawakuingia kamwe ndani. Walibaki inje, ku kona ya barabara, mu gazeti, mu macho ya jirani. Ondoa barabara, ondoa jirani, na Kayerts hana mutu wa kumuzuia. Ubaya wake haukutoka Kongo. Haukuwa hata mukubwa. Ulikuwa mudogo kama kipande cha sukari, na hiyo ndiyo inatutisha, maana kipande cha sukari kila mutu iko nacho.

Lakini hapa tunatofautiana na wasomaji wengi wa Ulaya. Wanapochambua hadisi za Kongo za Conrad, wanaingia mu moyo wa muzungu na hawatoki tena. Pori linakuwa moyo wake, muto unakuwa moyo wake, Makola anakuwa kivuli chake. Chinua Achebe wa Nigeria alisimama mu mwaka wa 1975 ku chuo kikuu cha Massachusetts na kuuliza kwa nini Afrika igeuzwe pazia la nyuma ili tuangalie akili ya muzungu mumoja inavyovunjika. Alikuwa anasema juu ya Heart of Darkness, lakini swali linafika hapa pia. Wale watu kumi hawakuwa kivuli cha mutu. Walikuwa na miguu iliyofungwa kamba. Conrad hakumupa hata mumoja wao jina. Kama tukisema tu kwamba ubaya unakaa mu moyo wa mutenda, tunaweza kulia pamoja na mutenda na kusahau aliyeuzwa, sawa vile ile jamaa, ikijaa huruma juu ya mateso yake yenyewe, inasahau mutoto aliye barabarani.

Wazee wetu walishika jambo hili namna gani? Wanyanga wako na hadisi ndefu ya Mwindo, aliyoiimba muzee Candi Rureke mwaka wa 1956, na ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa mu kitabu mwaka wa 1969. Shemwindo anakataza bibi zake kuzaa wavulana, Mwindo anazaliwa, baba anamutupia mikuki, anamuzika, anamufungia mu ngoma na kumutupa mu maji. Freud angefurahi sana. Lakini mwisho si ule wa Wagiriki. Mwana anamufuata baba mpaka chini ya inchi, anamurudisha nyumbani, baba anaungama mbele ya watu wote, na wanagawana ufalme. Na haijaisha. Mwindo anaua joka, na Nkuba, bwana wa radi, anamupandisha juu na kumutesa kwa baridi na jua mpaka kiburi kinatoka. Mwenye haki naye alipaswa kufundishwa.

Na Walega mu Bwami yao walikuwa na kazi ingine. Ku madaraja ya juu, ya kindi, wazee walionyesha sanamu ndogo za miti na za pembe za tembo, na kila sanamu ilikuwa na neno lake. Si zote zilikuwa za watu wema. Kuko mwanamuke mwenye mimba aliyeleta fujo kwa uzinifu wake, kuko wazee wasiojua kunyamaza, kuko pia mwenye vichwa vingi anayeona pande zote. Anayeingizwa alionyeshwa ubaya ukiwa umechongwa, alisikia neno lake, na ule ubaya haukuwa na jina la jirani yeyote.

Serikali ya ukoloni ilikataza Bwami mwaka wa 1948. Sanamu nyingi ziliondoka. Leo ziko nyuma ya vioo vya nyumba za makumbusho Ulaya na Marekani, kila moja na namba yake. Pembe ni ile ambayo Kayerts na Carlier waliipima ku mizani. Neno la kila sanamu halikusafiri nayo. Linatafutwa Shabunda, Mwenga na Pangi, kwa wazee ambao mwaka hata mwaka wanapunguka, na tunaomba vijana wenye simu ya kurekodi sauti waanze na hao.